Koti ni Vazi la Kuvua

Katika nguo zote alizoweza kuzitaja, Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alitaja koti. Kauli inayohusishwa naye kwa miaka zaidi ya hamsini sasa ni kwamba Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ni kama koti, likikubana unalivua. Wanasiasa wameivuta kauli hiyo kila upande, nami sina haja ya kushika kamba. Kinachonishughulisha ni ile nguo aliyoichagua. Angesema shati, mfano usingesimama, maana mtu akivua shati hadharani watu hujiuliza kama anataka ngumi au amerukwa na akili. Angesema kanzu, ndiyo kabisa. Koti pekee ndilo unaloweza kulivua mbele ya wakwe zako, ukalitundika kwenye kiti, na heshima yako ikabaki palepale.

Nguo nyingine zote zinasitiri mwili. Koti linakuja juu ya sitara, kazi ya kusitiri ikiwa imekwisha. Ni nguo ya ziada, na anayejibebesha kitu cha ziada huwa ana jambo lake. Kwenye nchi za theluji jambo hilo hujificha nyuma ya baridi, ukimuuliza mtu kwa nini kavaa koti atakuonyesha dirishani. Dar es Salaam hakuna dirisha la namna hiyo. Mji uko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, miguu yake iko baharini, na hata Julai, kipupwe kinapotupa kisingizio cha kutoa masweta kabatini, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 19. Februari mchana ni nyuzi 31, 32, na unyevu unaofanya jasho likose pa kwenda. Kwa hiyo kila koti linalopita barabarani Dar lina maelezo, na maelezo hayo si ya hali ya hewa.

Nilijifunza hili kwenye kikao. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye ofisi moja ya katikati ya mji, tukawa wanaume tisa tumezunguka meza, suti tisa, tai tisa. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza nyuzi 18, na dada aliyetuletea chai alikuwa amejizungushia mtandio shingoni kama mtu wa Makete. Kisha umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Baada ya dakika kumi nilisikia jasho likinitambaa mgongoni kama mchwa anayetafuta njia, na kwa jinsi nyuso za wenzangu zilivyokuwa zinang'aa nilijua siko peke yangu. Hakuna aliyegusa kifungo. Tuliendelea kujadili bajeti huku karatasi zikilowa chini ya viganja, mpaka mkurugenzi aliposimama, akavua koti lake taratibu, akakivisha kiti chake mabegani. Hazikupita sekunde tano wote tukavua, tena kwa kufuatana: naibu wake, wakuu wa idara, na sisi wageni tukiwa wa mwisho. Dada wa chai, mwenye kitenge chake, alituangalia mlangoni na sidhani kama alijizuia kucheka.

Joto lilikuwa lile lile kabla na baada. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa alikuwa amevua.

Watu wa pwani tulilijua hili kabla suti haijashuka bandarini. Picha za Tippu Tip na za masultani wa Unguja zinawaonyesha wamevaa kanzu, na juu ya kanzu joho la rangi nzito lililotariziwa kasabu ukingoni. Sayyid Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875 akiwa na joho na kilemba chake. Mji wetu huu wenyewe ulianzishwa na mvaa joho, Sayyid Majid, alipoamua katika miaka ya 1860 kujenga kasri kando ya bandari tulivu karibu na kijiji cha Mzizima. Sasa neno lenyewe lisikilize. Joho lina ndugu zake katika Kiarabu, jukh, na katika Kituruki, çuha, na yote ni majina ya kitambaa kizito cha sufu kilichofumwa na kukandamizwa mpaka upepo usipite. Sufu nzito, Unguja, kwenye mikarafuu na fukuto! Hakuna aliyekuwa anasikia baridi. Mwenye joho alikuwa anatangaza kwamba siku ile hatapanda mnazi, hatavuta jarife, hatabeba gunia. Mikono ya joho ni mipana kiasi kwamba ukitaka kufanya kazi nalo lazima kwanza ulivue, na huyo wa kukupokea ulivuapo naye ni sehemu ya vazi.

Desturi hiyo ilikuwa na mizizi mbali. Makhalifa wa Baghdad walimvisha mtu vazi la heshima walipompa cheo, na Waosmani wakaiendeleza mpaka mabalozi wa Ulaya walivishwa kaftani kabla ya kuingizwa mbele ya Sultani kule Istanbul. Kiswahili kimeihifadhi ndani ya lugha ya magazeti: hadi leo waziri "huvishwa joho" la uongozi hata kama siku ya kuapishwa alivaa shati la kitenge.

Hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya mavazi. Oktoba 1666, mwezi mmoja baada ya London kuungua, mfalme Charles II aliliambia baraza lake kwamba anaanzisha mtindo mpya wa mavazi na hataubadilisha: kizibao kirefu, na koti juu yake. Samuel Pepys aliiandika habari hiyo katika shajara yake. John Evelyn, naye mwandishi wa shajara, alipomwona mfalme amelivaa vazi lile alisema ni la mtindo wa Kiajemi. Wanahistoria wengi wa mavazi wanaianzia hapo safari ya suti ya vipande vitatu. Basi suti, ambayo tumefundishwa kuiita vazi la Kizungu, ilipozaliwa ilitajwa kuwa ya mashariki, kutoka ulimwengu ule ule uliotuletea joho. Bwana harusi wa Temeke anayevaa kanzu na koti la suti juu yake wapo wanaomcheka kwamba kachanganya mambo. Mimi naona kawakutanisha ndugu wawili waliopotezana Ghuba ya Uajemi.

Na Kiswahili kilishang'amua undugu huo bila kusoma shajara ya mtu. Wahitimu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanapopanda jukwaani mwishoni mwa mwaka, jua likiwa limeanza kukaza, wanavaa gauni jeusi lililotokana na mavazi ya makasisi na wanafunzi wa Ulaya ya zama za kati, waliosoma kwenye kumbi za mawe zisizo na moto. Kule lilikuwa na kazi ya kuwapasha mwili. Hapa tuliliona mara moja tukaliita joho. Mawakili nao wanavaa joho mahakamani. Hatukuhitaji neno jipya kwa sababu hatukuona kitu kipya: kitambaa kingi, cheusi, kisichohitajika, juu ya mtu anayetaka kusikilizwa.

Lakini lipo koti jingine, na hili lina jina ambalo vijana wengi hawalijui tena. Kabuti. Tumelipata kwa Wareno, kwao ni capote, na maana yake ni lile koti zito la kufika chini ya magoti. Mlinzi wa geti la jirani yangu, mzee wa Kimakonde, anayo yake ya rangi ya majani makavu ambayo nadhani ilishawahi kuwa ya jeshi fulani. Niliwahi kumuuliza.

"Shikamoo babu. Na joto lote hili, kabuti la nini?"

"Marahaba. Mbu, mwanangu. Unadhani chandarua nitakitundika wapi, kwenye geti?"

Niliona aibu kidogo, maana nilikuwa nimekwisha tunga nadharia kichwani kuhusu walinzi na kumbukumbu za ukoloni. Kabuti ni ngozi ya pili dhidi ya mbu, ni godoro saa nane usiku, ni mto, na likiwa limetundikwa kwenye kiti chini ya taa, kwa mbali, ni mlinzi wa pili. Hakuna suti ya Posta yenye kazi nyingi namna hiyo.

Nadharia yangu hata hivyo sikuitupa yote. Angalia koti la handaki, lile refu la rangi ya mchanga, lenye mkanda kiunoni na vikanda mabegani, ambalo mabinti wa mjini wanalipenda msimu wa masika. Thomas Burberry alibuni gabadini mwaka 1879, kitambaa ambacho mafundi wetu wanakijua vizuri kwa kushonea suruali, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, maofisa wa Uingereza wakajinunulia makoti ya gabadini kwa ajili ya tope la mahandaki ya Ufaransa. Vile vikanda vya mabegani ni vya kuonyeshea cheo. Askari wa kawaida hakulivaa, yeye alipewa kabuti la sufu ambalo likinywa maji linakuwa zito kama mtu mwingine mgongoni. Na huku kwetu, katika vita ile ile, Waingereza waliuchukua mji wa Dar es Salaam Septemba 1916, na wapagazi waliowabebea mizigo wakakusanywa kambini pembeni ya mji. Kwa Kiingereza jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya Kariakoo.

Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Hao hawakuwa na koti la kuvua. Mpagazi alikuwa na blanketi, akibahatika. Leo ukipita Mtaa wa Kongo utalikuta koti la handaki limetundikwa kwenye kibanda, vikanda vyake mabegani, likiuzwa kwenye ardhi iliyopewa jina na watu wale. Muuzaji atakuambia, "Chukua dada, hii imekaa kiofisa." Hajui jinsi alivyosema kweli.

Mpaka hapa msomaji wa kike atakuwa anauliza kama historia ya koti ni ya wanaume tu. Hapana, na kwa upande wa wanawake wa pwani hesabu imekwenda kinyume, jambo linalonifanya niiheshimu zaidi. Kulikuwa na wakati, Lamu na miji mingine ya kaskazini, ambapo mwanamke wa kiungwana alipita barabarani ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichoshikiliwa na watumwa wake pande zote. Hilo ni vazi la nje lisilovalika bila miili ya watu wengine. Mtumwa mwanamke yeye hakuruhusiwa hata kufunika kichwa. Alijifunga kaniki au merikani, akaishia hapo. Unguja utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, na katika miongo iliyofuata buibui likaenea, jeusi, la bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuidunduliza. Aliyekatazwa jana kufunika kichwa akajifunika kuanzia utosini hadi kwenye kisigino, akapita mtaani sambamba na binti wa bwana wake wa zamani, na aliyekuwa anatazama hakujua nani ni nani. Joho lilibuniwa ili mtu ajulikane kwa mbali. Buibui likafanya kazi ya kufuta tofauti hiyo. Leo abaya za Dubai zenye mawe yanayometameta zimeirudisha kwa mlango wa nyuma, unaweza kukisia bei ya abaya ukiwa ng'ambo ya barabara, lakini hiyo ni makala nyingine.

Nirudi kwenye suti, maana ndiyo ninayogombana nayo.

Sisi tuliwahi kuwa na jibu. Baada ya Uhuru, viongozi wetu waliliangalia koti la mkoloni wakaona haliwafai, wakatafuta la kwao. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu Juni mwaka ule ule. Watanzania tukaanza kumwona Mwalimu na wenzake wamevaa suti zisizo na tai ambazo mtaani ziliitwa Chuenlai, jamaa wa lile vazi la mifuko minne linalohusishwa na Sun Yat-sen. Kutoka Zambia ikaja suti ya Kaunda. Itazame ile suti kwa jicho la fundi: mikono mifupi, kola iliyo wazi, mifuko minne, haina bitana, haina pedi za mabega, haitaki tai wala shati ndani. Ni koti na shati vilivyofanywa kitu kimoja. Fundi yeyote wa barazani mwenye cherehani ya miguu aliweza kuikata kwa tetroni au gabadini, bila kanvasi na bila pasi maalumu. Kwa mji wenye fukuto kama huu, sijaona vazi la kiofisi lililofikiriwa vizuri zaidi.

Sina nia ya kuwapamba wa enzi zile. Watu hao hao waliovaa Chuenlai ndio walioanzisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampeni za kuwavalisha Wamasai suruali, kwa sababu lubega iliwaaibisha mbele ya wageni. Ndio hao ambao Umoja wa Vijana wa chama chao, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na kuanzia Januari mosi 1969 binti wa Dar mwenye sketi fupi au kijana mwenye suruali ya kubana alikuwa na kesi ya kujibu mtaani. Aliyekataa kuvaa koti la mtu mwingine alikuwa mwepesi sana kuwavisha wengine la kwake. Na historia ina utani: leo Mmasai anayelinda duka usiku kule Mikocheni amevaa lubega yake, juu yake koti la mtumba, na wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wananunua mashuka yale mekundu ya mirabamiraba kama kumbukumbu ya Tanzania.

Lakini kwa nini Kaunda imetushinda? Jibu la kawaida ni ruksa. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, ile ambayo watu waliita kafa Ulaya kwa imani kwamba mwenye nguo lazima awe marehemu, maana nani aliye hai angetupa koti zima? Suti ya mtumba ikawa rahisi kuliko gharama ya kitambaa na fundi. Hilo ni kweli na linaeleza mengi. Halielezi yote. Waziri na meneja wa benki hawanunui mtumba, au hawasemi, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kuiacha.

Maelezo yangu ni mengine. Suti ya Kaunda haina cha kuvua. Chini yake kuna singlendi tu. Mkubwa aliyeivaa hawezi kufanya kile alichofanya mkurugenzi wetu siku umeme ulipokatika, kuwaruhusu wenzake wanane wapumue kwa kuvua koti lake. Hawezi kukunja mikono ya shati mbele ya kamera kuonyesha kwamba sasa kazi imeanza. Hawezi kuliacha koti kwenye kiti ofisini kama ushahidi kwamba yupo, ametoka kidogo tu, na wewe mwananchi uendelee kusubiri. Vazi lililofaa mwili halikufaa mamlaka. Kenya wameonyesha hilo waziwazi: Novemba 2023, wakati Rais Ruto akiwa ameipenda suti ya Kaunda kuliko tai, Spika wa Bunge la Taifa aliipiga marufuku bungeni. Rais angeweza kuivaa Ikulu. Mbunge ilibidi atafute koti.

Gharama ya ubishi huu inalipwa kwa uniti za umeme. Tunavaa sufu na poliesta yenye bitana, kisha tunapoza ofisi nzima hadi nyuzi 18 ili tuweze kuivaa, na kiyoyozi kile kinatoa joto lake nje ya dirisha, kwa muuza maji na dereva wa bajaji. Ni kama mtu anayewasha moto ndani ili apate sababu ya kufungua madirisha. Wajapani, ambao kwa nidhamu ya mavazi hakuna wa kuwatania, waliona hesabu hii haijumliki. Mwaka 2005 wizara yao ya mazingira, chini ya waziri Yuriko Koike, ilizindua kampeni ya Cool Biz: majira ya joto ofisi ziwekwe nyuzi 28, na wafanyakazi waache makoti na tai nyumbani. Waziri mkuu Koizumi akajitokeza bila tai ili wa chini yake waamini kwamba ruhusa ni ya kweli. Umeona? Hata huko ilibidi mkubwa avue kwanza. Nyuzi 28 kwetu ni Julai ya kawaida, dirisha wazi na pangaboi linazunguka.

Nimesema kila koti la Dar lina maelezo, na nimebakiza la bodaboda, ambalo kwa miaka mingi nimelicheka kuliko yote. Saa saba mchana, jua la Februari limesimama utosini, na dereva amevaa jaketi la kujazwa manyoya, lile lililovimba mistarimistari kama godoro, amelivaa kinyumenyume, mgongo wa jaketi uko kifuani kwake na zipu iko nyuma.

Jaketi lile nalo lina baba yake. Eddie Bauer, muuza vifaa vya michezo wa Seattle kule Marekani, alinusurika kufa kwa baridi katika safari ya kuvua samaki, na mwaka 1936 akatengeneza jaketi lililoshonwa kwa vyumba vidogovidogo vilivyojazwa manyoya ya ndege. Hataza aliipata mwaka 1940. Ni uvumbuzi wa watu wanaoijua baridi kweli, kama ulivyo ule wa Wainuti wa kaskazini kabisa, waliotuachia neno anoraki, na ambao wanawake wao hushona koti la ngozi lenye mfuko mkubwa nyuma, amauti, wa kumbebea mtoto mgongoni ashiriki joto la mama. Mama wa Manzese anayefunga mtoto kwa khanga angelielewa vazi lile kwa kulitazama mara moja.

Mabelo ya mitumba yanapofunguliwa soko la Karume alfajiri, majaketi haya ndiyo yanayobaki. Nguo nyepesi zinagombewa, jinzi zinaondoka, na yale mazito yanakusanywa kupandishwa Njombe, Mbeya na Lushoto, ambako yana kazi yake ya asili. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatikisa kiberiti cha AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma, Rwanda ikabaki na ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Kwa hiyo mabelo yanaendelea kushuka, majaketi ya theluji yamo ndani yake, na dereva wa bodaboda ndiye mteja pekee wa Dar anayeyanunua kwa ajili ya kuyatumia hapahapa.

Nimebadili mawazo kuhusu yeye. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioshughulikia swali linalofanana na hili: kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa majoho meusi kwenye jua kali. Watafiti walikuta kwamba joho jeusi hupokea joto zaidi kwenye kitambaa, lakini kwa kuwa limelegea, hewa inapita chini yake na kuliondoa joto hilo, na ngozi ya aliyevaa jeusi haipati joto zaidi kuliko ya aliyevaa jeupe. Dar si jangwa, jasho letu halikauki kwa urahisi kama la kule, kwa hiyo siwezi kuuhamisha utafiti ule wote na kuubwaga Mwenge. Ila mtu aliye kwenye pikipiki ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa ana upepo wake mwenyewe. Ana jua la saa kumi kwa siku, vumbi la barabara zinazopanuliwa, moshi wa malori, mvua ya ghafla, kokoto, na lami inayomsubiri siku atakayoteleza. Ukilivaa jaketi kinyumenyume unaziba kifua na kuacha mgongo upumue, na ukifika kijiweni unalivua kwa kunyoosha mikono mbele tu. Hiyo ni akili ya ubunifu ambayo Bauer hakuifikiria.

Juma lililopita nilipanda mmoja kutoka Mwenge hadi Sinza Makaburini. Nikamuuliza swali langu lile lile.

"Kijana wangu, hilo jaketi halikuchomi?"

"Mzee, kuchoma linachoma ukisimama. Sasa mimi nikisimama nitakula nini?"

Tukaenda. Nyuma ya shingo yake zipu ilikuwa wazi nusu, na kwenye kishikio chake kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu yenye plastiki, kimefungwa kwa waya mwembamba, kinapigwa na upepo mbele ya pua yangu. Nilikisoma safari nzima. Kilikuwa na picha ya mlima wenye theluji, mistari ya kusomwa na mashine, na tarehe ya Januari ya mwaka fulani: tiketi ya siku moja ya kupanda kiti cha kamba mlimani, wanakoteleza kwa mbao. Tulipofika nikamlipa elfu mbili yake, nikamwonyesha, nikamwambia kile kikaratasi hakina kazi, akikate.

Akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kidani.

"Hapana mzee," akasema. "Hiki ndicho kinachoonyesha ni orijino."